Kifua Kikuu: Dawa Huanzia Zahanati, Humalizikia Nyumbani

Ugonjwa wa kifua kikuu una hila moja ambayo maradhi mengine mengi hayana. Mtu aliyekuwa akikohoa usiku kucha, aliyekonda na kutokwa na jasho hata wakati wa baridi, akianza kumeza dawa zake huona nafuu katika majuma machache. Homa huondoka, hamu ya chakula hurudi, na nguvu za kushika jembe au kwenda kazini humrudia. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu huyo hujiona amepona, kumbe vijidudu vya ugonjwa vingali ndani ya mapafu yake. Akiacha dawa siku hiyo, yumkini ugonjwa utarudi, na huenda ukarudi ukiwa na nguvu za kuishinda ile dawa iliyomsaidia mwanzoni.

Kwa sababu hiyo, kazi ya serikali inayotaka kuushinda ugonjwa huu si kununua dawa tu. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kupanga mambo hata mtu asiyesikia maumivu yoyote, mwenye shamba la kulima, watoto wa kulisha na njia ndefu ya kwenda zahanati, aweze kuendelea na dawa kila siku mpaka siku ya mwisho. Dunia ilichukua miaka mingi kujifunza kazi hiyo, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilipatikana hapa Afrika Mashariki.

SABABU YA MATIBABU KUWA MAREFU

Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na daktari Mjerumani, Robert Koch, mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ni kijidudu cha polepole. Vijidudu vya maradhi mengi hugawanyika na kuongezeka katika muda usiotimia saa moja, bali hiki huchukua karibu siku nzima. Tena vingine miongoni mwao hulala ndani ya mapafu bila kukua, na dawa nyingi huviua vile vilivyo macho kwa urahisi zaidi kuliko vile vilivyolala.

Mkulima anayepalilia shamba lake hulijua jambo hili vema. Akikata majani ya magugu na kuiacha mizizi, shamba hupendeza macho kwa muda, kisha mvua ikinyesha magugu huchipuka upya. Miezi ya mwisho ya matibabu, ambayo mgonjwa huiona kuwa haina kazi, ndiyo miezi ya kung'oa mizizi.

Lipo na jambo la pili. Katika mamilioni ya vijidudu vilivyomo katika kifua cha mgonjwa, vichache huwa na asili ya kuhimili dawa fulani. Mgonjwa akipewa dawa ya namna moja tu, vilivyo dhaifu hufa, na vile vichache vyenye nguvu hubaki peke yao na kuzaana. Lakini akipewa dawa mbili, tatu au nne kwa pamoja, kijidudu kinachohimili dawa ya kwanza huuawa na ya pili. Ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu hapewi dawa moja, wala haifai achague mwenyewe vidonge vya kumeza na vya kuacha.

Jambo hilo lilionekana wazi nchini Uingereza mwaka wa 1948, zilipotangazwa habari za majaribio ya dawa ya streptomisini, iliyokuwa imegunduliwa Marekani mwaka wa 1943. Wagonjwa 55 walichomwa sindano za dawa hiyo, na wengine 52 walipumzishwa kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Baada ya miezi 6, waliokufa katika kundi la kwanza walikuwa 4, na katika kundi la pili 14. Wengi walidhani ugonjwa umekwisha kushindwa. Lakini wagonjwa walipofuatiliwa kwa miaka 5, ilionekana kwamba 32 katika wale 55 walikuwa wamekufa, na 35 katika wale 52. Faida yote ya mwanzo ilikuwa karibu imepotea, kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimejifunza kuihimili dawa iliyotolewa peke yake. Toka hapo waganga walianza kuchanganya dawa: streptomisini pamoja na PAS, na tangu mwaka wa 1952 pamoja na isoniazidi, ambayo ni kidonge cha bei nafuu.

HOSPITALI AU NYUMBANI?

Zamani ilisadikiwa kwamba mgonjwa wa kifua kikuu hana budi kulazwa hospitalini kwa mwaka mzima au zaidi, apumzike, ale chakula kizuri na kuvuta hewa safi. Nchi tajiri ziliweza kujenga hospitali za namna hiyo. Nchi zenye wagonjwa wengi na vitanda vichache hazikuweza, na watu wengi walikufa wakingojea nafasi.

Mwaka wa 1956, katika mji wa Madras nchini India, ambao sasa huitwa Chennai, wataalamu wakiongozwa na daktari Wallace Fox walianza kulichunguza jambo hili. Wagonjwa wapatao 190 waligawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja lililazwa hospitalini, likala vizuri na kupumzika. Kundi la pili lilibaki katika nyumba zake, nyingi zikiwa finyu zenye watu wengi, likala chakula hafifu, na wengine wakaendelea na kazi zao. Makundi yote mawili yalipewa dawa zile zile kwa mwaka mmoja.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 1959 yaliwashangaza waganga wa dunia nzima. Waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliotibiwa hospitalini. Tena jamaa walioishi nao nyumba moja hawakuambukizwa zaidi kuliko jamaa za wale waliolazwa, kwa kuwa hatari kubwa ya kuambukiza huwa kabla mgonjwa hajagunduliwa, na hupungua sana mara aanzapo dawa. Tangu siku hiyo ilijulikana kwamba kinachoponya kifua kikuu ni dawa iliyomezwa kwa ukamilifu, wala si kitanda.

Lakini ugunduzi huo ulileta mzigo mpya. Mgonjwa aliyelazwa huletewa dawa na muuguzi asubuhi na jioni. Mgonjwa aliye nyumbani, nani atamkumbusha? Tena wakati huo matibabu yalichukua miezi 18, na ni watu wachache sana wawezao kumeza vidonge kwa mwaka mmoja na nusu hali wanajiona wazima.

KAZI ILIYOFANYWA AFRIKA MASHARIKI

Hatua kubwa ya kufupisha safari hiyo ilipigwa katika sehemu hizi. Mwaka wa 1972 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano wa wataalamu wa Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wagonjwa walipewa dawa kwa miezi 6 badala ya 18. Katika wale waliopewa streptomisini na isoniazidi tu kwa miezi 6, wapatao 29 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa. Lakini wale walioongezewa rifampisini, waliorudiwa hawakuzidi 3 hivi katika kila 100. Dawa ya pirazinamidi nayo ilionyesha faida kubwa.

Hivyo wagonjwa wa Afrika Mashariki waliokubali kuingia katika majaribio hayo waliisaidia dunia nzima. Matibabu ya miezi 6 yanayotumika leo katika nchi nyingi yalichipuka katika kazi hiyo.

Mwaka wa 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na daktari Karel Styblo wa Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Kenya nayo iliunganisha kazi za maradhi haya mawili katika mpango wake wa taifa mwaka wa 1980. Mpango wa namna hiyo si jengo wala si hospitali mpya. Ni utaratibu wenye nguzo chache. Kwanza, makohozi ya mtu anayekohoa kwa muda mrefu hupimwa karibu na kwake. Pili, dawa hazikosekani wilayani hata siku moja. Tatu, mtu mwingine, ama muuguzi, ama jamaa, ama jirani, humwona mgonjwa akimeza dawa. Nne, jina la kila mgonjwa huandikwa katika daftari la wilaya, na mwisho wa muda wake huandikwa kama alipona, alikufa, alihama au alipotea.

Daftari hilo laweza kuonekana kuwa kitu kidogo, lakini ndilo moyo wa mpango. Zahanati isiyo na daftari hujua ni watu wangapi walioanza dawa, bali haijui ni wangapi waliomaliza. Kwa daftari, mganga mkuu wa wilaya huweza kuona kwamba mahali fulani wagonjwa wengi hupotea mwezi wa tatu, akaenda kuuliza sababu: pengine mto umefurika, pengine dawa zilichelewa, pengine ni majira ya mavuno. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka wa 1993 kwamba kifua kikuu ni hatari kwa ulimwengu wote, lilizihimiza nchi nyingine zifuate utaratibu uliotokana na kazi ya Tanzania.

MANYATTA ZA WAJIR

Utaratibu mzuri kwa mkulima huenda usimfae mfugaji. Katika Kaskazini Mashariki ya Kenya watu wengi huhama na ngamia na mbuzi wao wakifuata mvua na malisho. Kumwambia mfugaji arudi zahanati kila juma kwa miezi mingi ni kumwambia aache mifugo yake ife.

Mwaka wa 1976, huko Wajir, mwanamke wa Kiitalia aliyeitwa Annalena Tonelli alipewa kazi ya kuongoza jaribio la kuwatibu wafugaji wenye kifua kikuu, chini ya Shirika la Afya Duniani. Badala ya kuwalaza wagonjwa katika mabweni, aliwakaribisha wajenge vibanda vyao vya kawaida vya mikeka na matawi karibu na kituo chake. Mgonjwa aliishi kwa desturi zake, alimeza dawa mbele ya shahidi kila siku, na alipomaliza miezi 6 aliwafuata watu wake. Mahali hapo palikuja kuitwa manyatta ya kifua kikuu, na mfano huo ulifuatwa katika sehemu nyingine za wafugaji. Tonelli aliuawa mwaka wa 2003 huko Borama, Somaliland, alikokuwa akiendelea na kazi hiyo hiyo ya kuwatibu wagonjwa.

Funzo la Wajir ni hili: mpango ulipofuata maisha ya watu, watu waliufuata mpango.

PIGO LA UKIMWI

Kazi hii nzuri ilipata pigo kubwa ulipofika ugonjwa wa ukimwi, unaodhoofisha kinga ya mwili na kuviamsha vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala. Nchini Kenya wagonjwa wa kifua kikuu walioandikwa mwaka wa 1990 walikuwa zaidi kidogo ya 11,000. Kufikia mwaka wa 2007 walizidi 115,000.

Hata dawa zenyewe zilibidi zitazamwe upya. Kwa miaka mingi nchi za Afrika Mashariki zilitumia thiasetazoni, kidonge cha bei ndogo kilichowasaidia wagonjwa wengi. Uchunguzi uliofanywa Nairobi na kutangazwa mwaka wa 1991 ulionyesha kwamba katika wagonjwa wenye virusi vya ukimwi, mmoja katika kila watano alidhuriwa ngozi na dawa hiyo, na wengine walikufa. Kwa wasio na virusi, madhara hayo yalikuwa ya nadra. Thiasetazoni iliondolewa, na ethambutoli ikachukua nafasi yake ingawa bei yake ilikuwa kubwa zaidi. Baadaye ilikuwa kawaida kwa mgonjwa wa kifua kikuu kupimwa virusi vya ukimwi pia, ili mwenye maradhi yote mawili atibiwe yote mawili.

JE, ANAYEACHA DAWA AADHIBIWE?

Mwaka wa 2010, katika sehemu ya Bonde la Ufa, wagonjwa wawili walioacha dawa zao walipelekwa mahakamani na kutiwa gerezani kwa amri iliyotegemea Sheria ya Afya ya Umma. Waliotaka wafungwe walisema kwamba mtu anayeacha dawa huwahatarisha jirani zake. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana kifua kikuu huenezwa kwa hewa anayoitoa mgonjwa akikohoa au kusema, na hakuna jirani awezaye kujizuia asivute pumzi.

Lakini gereza ni mahali penye msongamano na hewa haba, na mtu aliyetiwa humo akiwa na kifua kikuu huweza kuwaambukiza wafungwa wenzake, ambao nao watarudi kwao siku moja. Tena mtu aliyesikia kwamba wagonjwa hufungwa ataogopa kwenda kupimwa. Mwezi wa Machi 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwafunga wagonjwa wale gerezani kulivunja Katiba, na kuitaka serikali iweke utaratibu unaofaa wa kuwatenga wagonjwa pale inapokuwa lazima, mahali pa tiba, kwa kuheshimu utu wao.

Hukumu hiyo haikusema kwamba mgonjwa hana wajibu. Anao wajibu mkubwa kwa nyumba yake na kwa majirani. Ilionyesha kwamba kabla ya kuuliza kwa nini mtu huyu aliacha dawa, ni haki kuuliza pia kama mpango ulimwezesha kuzimaliza.

MZIGO ULIOBAKI

Swali hilo lina majibu mengi, na baadhi yake yamekwisha kupatikana. Kwa miaka mingi mzazi mwenye mtoto mgonjwa alilazimika kuvunja vidonge vya watu wazima, vichungu mno, na kukisia kipimo. Mwaka wa 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kutumia kote nchini dawa za watoto zinazoyeyuka katika maji na zenye ladha ya matunda. Mtoto asiyetema dawa humaliza dawa.

Lakini mengine yangalipo. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, 558 walikuwa na kifua kikuu. Wanaume walikuwa zaidi ya maradufu ya wanawake. Karibu wagonjwa wanne katika kila kumi walikuwa hawajulikani, wakiishi na ugonjwa wao bila dawa. Wengi wa wale waliokuwa na dalili hawakuwa wamekwenda popote kutafuta tiba.

Uchunguzi mwingine wa mwaka wa 2017 uliangalia gharama. Ingawa dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, zaidi ya robo ya jamaa zenye mgonjwa zililemewa na gharama kubwa mno kwa kipato chao: nauli, chakula, na ujira uliopotea. Kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, yaani kile kinachohimili dawa za kawaida, waliolemewa walizidi wanane katika kila kumi. Kwa hiyo neno "bure" halijawa kweli kamili kwa mtu anayekosa kibarua cha siku kila aendapo kuchukua dawa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mtu mwenye kikohozi kisichokoma, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda bila sababu, na aende kituo cha afya akapimwe makohozi. Asingoje mpaka ateme damu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na katika ugonjwa huu kilio hicho huweza kuwa cha nyumba nzima.

Matibabu ya kawaida ni ya miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, na miezi 4 inayofuata humeza dawa mbili. Mkojo huweza kuwa na rangi ya chungwa au nyekundu kwa sababu ya rifampisini. Hilo si damu wala si dhara, wala lisimwogopeshe mtu. Lakini akiona macho kuwa ya manjano, au kutapika kusikokoma, au kupungukiwa na nuru ya macho, arudi upesi kwa mganga.

Jamaa za mgonjwa nao wapimwe, hasa watoto wadogo na wale wenye virusi vya ukimwi, kwa kuwa ziko dawa za kuwakinga kabla hawajaugua. Hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa sahani na kikombe, kwani ugonjwa huu hauenezwi na vyombo. Linalomfaa ni madirisha yaliyo wazi, chakula, na mtu wa kumwuliza kila asubuhi: "Je, umekwisha kumeza dawa?"

Swali hilo fupi halina gharama. Serikali ina wajibu wa kuhakikisha dawa zipo, daftari linaandikwa na zahanati i karibu, wala hakuna awezaye kuufanya wajibu huo badala yake. Lakini siku ya mia na themanini, mgonjwa akiwa amenenepa na kazi zikimwita, si serikali iliyo karibu naye bali ni mke, mume, mtoto au jirani. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili huisha kwa kidonge cha mwisho.